Sauti ya Baba imekuwa chambo

Jumamosi, Ibra, Oman. Upepo umevuma tangu adhuhuri na vumbi limeingia mpaka ndani ya friji, sijui limepita wapi. Kesho kazini, nguo sijazipiga pasi, na sina hamu ya kuzipiga pasi wala ya kumwona mtu.

Nina hasira. Nimetia udhu, nimeswali, nimekaa chini, nimefanya yote tuliyofundishwa kufanya mtu akighadhibika, na damu bado inanichemka.

Naandika hapa kwa sababu nyumbani hakuna anayetaka kunisikiliza. Nyumbani leo ni furaha. Mama kapika mkate wa kumimina, simu yake haitulii kwa jamaa wanaopiga, na mdogo wangu Suleiman kakaa sebuleni anapongezwa kama bwana harusi. Mimi niliyenuna ndiye ninayeonekana mbaya.

Acha nianze mwanzo, nisije nikaonekana mwehu.

Baba yangu anajua kuwaita kwale. Si kuwaita waje, na hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Anawaita ili ajue walipo. Alfajiri, kabla jua halijatoka, kwale dume bado yuko pale alipolala, juu ya jabali au chini ya kichaka. Akisikia dume mwenzake anaita, anadhani kaingiliwa kwake, na papo hapo anajibu kwa ghadhabu. Akishajibu kajitaja mwenyewe. Mwindaji anageuza kichwa, anajua ni upande gani na umbali gani, na hapo ananyamaza. Baba alikuwa mkali sana kwenye kunyamaza. Tulipokuwa wadogo tukimwomba aite tena, alikuwa anatuambia, "Nimeshajua alipo, ninamwitia nini tena?"

Alijifunza Pemba, upande wa Wete, kwa wajomba zake waliokuwa wakienda kutega na kupiga. Akaja huku kijana, na Kiarabu chake cha kuombea maji. Asubuhi yake ya mwanzo hapa Ibra alitoka nyuma ya nyumba, kwenye wadi, bonde la mto mkavu, akaita kama walivyokuwa wakiita kwao. Kimya. Akaita tena. Kimya vilevile. Kwale wa huku, wanaowaita hajal, si wale wa Pemba na hawaiti kama wale. Hadithi hii katusimulia mara nyingi na kila mara akicheka mwenyewe: "Kaumu ya kwale wa Oman hawajui Kipemba." Basi akakaa msimu mzima wa baridi akiwasikiliza, mpaka akajua wanavyoanza polepole kooni, kok, kok, kok, kisha wanaharakisha mpaka sauti inagongana. Siku dume wa mwanzo alipomjibu, alirudi nyumbani mbio. Anasema kwale walimpokea kabla ya majirani. Majirani walikuwa bado wanamwita Zinjibari.

Kuwinda kulipokatazwa aliitia bunduki mafuta, akaifunga kitambaa, akaiweka juu ya kabati. Lakini kuita hakuacha. Kila alfajiri akitoka kuswali hupita baraza ya nyuma, huita mara moja, hujibiwa, kisha huja kunywa chai. Nilipokuwa msichana nilidhani kila baba anafanya hivyo.

Mwaka jana Baba alipata kiharusi.

Upande wa kulia ulikufa ganzi na maneno yakaondoka. Kiarabu chote alichohangaika nacho maisha yake, hakuna. Kiswahili chake cha Wete, kitamu kile, hakuna. Alibakiwa na "haya" na "la", na mara nyingine huchanganya, akisema haya kumbe hataki. Nikimwambia shikamoo huinua mkono wa kushoto, na ndiyo marahaba yangu hiyo. Nimezoea. Najisemea kuwa nimezoea.

Kisha asubuhi moja, Mama akiwa jikoni na mimi nikimvisha Baba viatu hapo barazani, akakunja mkono wa kushoto mdomoni akaita. Vizuri kabisa. Sauti ile inatoka kooni zaidi kuliko midomoni, na koo lake halikusahau. Mama nusura aangushe buli. Na kutoka upande wa wadi, dume akajibu.

Sitausahau uso wa Baba. Alinitazama kama mtu aliyepigiwa simu na ndugu aliyepotea.

Binti anayemfundisha kusema, kule hospitali Nizwa, tulipomweleza alifurahi mpaka akaomba tumwigizie. Akasema msimkatize, mwacheni aite kila siku, pumzi hiyo na koo hilo ndilo analolitafuta yeye kwa mazoezi yake yote. Akasema kingine ambacho kimekaa moyoni mwangu: kinachomrudisha Baba kila asubuhi si kuita, ni kujibiwa. Tangu kiharusi watu wanasema mbele yake, juu yake, kwa niaba yake. Ni kwale peke yao waliokuwa wakimwachia nafasi, kisha wakamjibu.

Sasa ndiyo nimfikie Suleiman.

Suleiman ni kitinda mimba wetu, ana mke na mtoto na kazi nzuri ya serikali, na bado Mama anamwekea nyama ya mapajani. Kuita hakujaliwa. Alipokuwa mdogo alikuwa akiita mfululizo kama kuku anayetaga, Baba anamwambia nyamaza, yeye anaita. Subira hana, hajawahi kuwa nayo, na kila mtu nyumbani analiona hilo kuwa jambo la kuchekesha. Mimi limenichosha zamani.

Miezi kadhaa nyuma alikuja na simu yake mpya, akakaa barazani alfajiri kumrekodi Baba akiita. Akasema, "Dada, mimi nataka mwanangu akikua asikie sauti yake babu yake." Nilimpenda siku ile. Nilimletea kahawa.

Wiki iliyopita mimi na Mama tulimpeleka Baba Nizwa kwa miadi yake, tukalala kwa shangazi. Suleiman akasema nendeni kwa amani, mimi nitakaa niangalie nyumba. Tuliporudi tukamkuta mchangamfu, kafagia mpaka uani, na kwenye friza kaweka nyama imeshakatwakatwa. Kuku wa shamba, akasema, rafiki yake kaleta kutoka Dima wa Tayyin. Mama aliigeuzageuza ile nyama akasema, "Kuku gani hawa, mwanangu, vifua kama vya njiwa?" Suleiman akamwambia, "Hii kuku ya jabali, Mama, inakula majani tu, organik." Mama akacheka, akaipika kwa nazi.

Nikamlisha Baba kwa mkono wangu.

Alitafuna tonge mbili tatu, akaacha kutafuna. Akasukuma kitu kwa ulimi mpaka kikafika mdomoni, nikakipokea kwenye kiganja. Kijiwe kidogo cheusi, cha mviringo. Nikadhani ni cha mchele nikataka kukitupa, lakini Baba akanishika mkono, akakitazama muda mrefu. Kisha akafunga mdomo na hakula tena. Suleiman alikuwa mbele yetu anamenya chungwa.

Mimi ninafanya kazi kwenye duka la dawa, kutwa nashika vidonge vidogo kuliko hicho, na sikujua nimeshika nini. Baba kashika bunduki ujana wake wote. Risasi za marisau anazijua hata gizani.

Kwa hiyo alijua. Usiku ule ule alijua, na hakuwa na neno la kuniambia.

Asubuhi yake aliita na hakujibiwa. Nikasema labda upepo. Asubuhi iliyofuata, tena. Wiki nzima nilimtoa nje, aliita, tukasikiliza, na wadi ikawa kimya. Alikuwa akiita kwa sauti ndogo zaidi kila siku, na hakuwa akinyamaza baada ya mara moja kama ada yake. Alirudia. Mimi nilidhani ugonjwa umeongezeka, nikaanza kuhesabu dawa zake upya. Kumbe alikuwa anatafuta kama kuna aliyebaki.

Jana baada ya swala ya Ijumaa binamu yangu aliyeko Sur alinitumia video. Kaipata kwa mtu aliyeipata kwa mtu. Chini kaandika: hii si sauti ya Ami?

Nikaifungua. Naijua ile wadi, naujua ule mti wa mghafu uliopinda, ni nyuma ya nyumba yetu. Gari mbili zimesimama. Juu ya jabali kumewekwa spika kubwa, ile ya Suleiman ya kwendea nayo kambini jangwani upande wa Al Mintirib. Na kutoka ndani ya spika anaita Baba yangu. Anaita, anaita, anaita, bila kupumua, maana wameikata rekodi wakaiunga mwanzo na mwisho. Madume maskini wanatoka kwenye vichaka vifua mbele, wanakuja kumfukuza mgeni, na vijana wanawapiga mmoja mmoja. Wanacheka. Katikati, kwa kuwa hawakuikata vizuri, Baba anakohoa kile kikohozi chake, na sauti ya Mama inasikika toka jikoni, "Baba Rayya, chai inapoa!" Basi vijana wanaanguka kwa kicheko. Mmoja anamwigiza Mama.

Rayya ni mimi. Jina langu limo humo pia.

Nilimsubiri Suleiman amalize kula. Sikutaka Mama aseme nimemkatia mwanawe riziki. Kisha nikamwita uani nikampa vidonge vyake, vyote, bila maji. Nilimwambia umeua kwa sauti ya mtu asiyeweza kukukataza. Nilimwambia umemlisha Baba ndege zake mwenyewe na ukakaa mbele yake unamenya chungwa. Nilimwambia sheria inakataza na wewe ni mtu wa serikali, nikitaka nitakupeleka kwa miguu yangu.

Unajua alinijibu nini?

"Dada, leish, kwa nini unajikasirisha? Hii ndege tu. Zile zilizobakia zitarudi, wallahi, ma shay mushkila, hakuna tabu. Na Baba hajui kitu."

Hajui kitu. Mtu akinyamaza kwao ndiyo hajui kitu.

Nikamwonyesha ile risasi, maana Baba hakuniachia niitupe na nilikuwa nimeiweka kwenye kikombe juu ya rafu. Hapo ndipo alipofyata. Akakaa kwenye ngazi, akashika kichwa, na nakiri alikuwa na haya ya kweli. Akasema, "Mimi nitaitengeneza, dada. Nipe mpaka kesho." Nikamwuliza utaitengeneza nini, utawafufua? Akasema nimwachie yeye.

Ningejua ningemfungia stoo.

Leo alfajiri aliondoka mapema, akasema anakwenda kuswali msikitini. Nikamtoa Baba barazani, nikamfunika shali, kukiwa na baridi na bado hakujaanza upepo. Mama akaja na buli. Baba hakutaka kuita. Alikaa tu anatazama majabali. Nilikuwa karibu kumrudisha ndani, ndipo akainua mkono akaita, mara moja, kwa sauti ya mtu anayejaribu mlango anaojua umefungwa.

Akajibiwa.

Sauti kubwa, safi, kutoka chini ya wadi. Mama akasema, "Alhamdulillahi Rabbil-alamin," na machozi yakamtoka papo hapo. Mimi pia. Nilimsamehe Suleiman, nakwambia, kwa muda wa pumzi moja nilimsamehe kabisa. Nilisema moyoni kumbe kasema kweli, wamerudi.

Baba peke yake hakufurahi. Aligeuza kichwa kidogo kama anavyofanya, akakunja uso. Yule ndege aliita tena bila kuitwa. Akaita tena. Hakuna dume mwenye akili anayeita hivyo, asiyesikiliza, asiyempa mwenzake zamu. Nilimwona Baba akipeleka mkono kooni mwake mwenyewe, akaugusa, kama anayehakikisha kuwa koo lipo.

Halafu yule ndege akakohoa.

Na kutoka majabalini, wazi kabisa, mama yangu akasema, "Baba Rayya, chai inapoa!"

Mama alikuwa kasimama kando yangu na buli mkononi. Alinitazama kama mimi ndiye niliyesema. Kisha akatazama wadi, kisha akatazama chai.

Suleiman akatokeza nyuma ya jiwe. Alikuwa anahangaika na simu, anabonyeza, na kile kitu hakizimiki, Baba anaita tu kutoka kwapani mwake. Akapanda mpaka barazani hivyohivyo, spika inapiga kelele, yeye anasema, "Sabar, sabar, inazima sasa hivi." Akasimama mbele ya kiti cha Baba.

Baba akainua mkono wa kushoto, akakielekeza kidole kwenye spika.

"Mimi huyo," akasema.

Spika ikaendelea kuita.

"Zima."

Suleiman akaichomoa betri kwa nguvu mpaka kifuniko kikavunjika. Kukawa kimya, na katika kimya hicho Mama akapiga kigelegele. Mama yangu, mtu wa haya zake, kigelegele alfajiri, mpaka mfanyakazi wa jirani akachungulia juu ya ukuta. Akamkumbatia Baba, akambusu kichwani, akalia, akacheka. Na Suleiman, badala ya kuona haya akaondoka, kachangamka! "Dada, umesikia? Kasema! Maneno matatu! Spika ndiyo imemsemesha, wallahi, bila spika asingesema!"

Akainama naye kumbusu Baba. Baba akageuza uso ukutani.

Hilo nililiona mimi tu. Wao walikuwa wameshatoa simu.

Na tangu saa hiyo ni pongezi. Shangazi kapiga kutoka Nizwa akilia. Binamu yule yule wa Sur aliyenitumia video leo kaandika mashallah na mioyo myekundu. Hadithi imeshageuka, imekuwa ya mtoto mwema aliyemtafutia baba yake dawa. Kwale hawamo kabisa. Nilipojaribu kusema, Mama alinivuta jikoni akaninong'oneza, "Rayya mwanangu, usinitilie mchanga kitumbua changu leo. Nimemngoja mume wangu aseme tangu mwaka jana. Mwache ndugu yako, keshatubu."

Mama, hakutubu. Yumo sebuleni anapanga na wewe kesho alfajiri mrudie, na safari hii mumrekodi Baba akisema ili mumpelekee yule binti wa hospitali.

Kurudia! Wamfichie spika tena, wamfanyie mzaha tena, kwa sababu mara ya kwanza ulifanya kazi.

Nami nikiwa peke yangu hapa chumbani ninajiuliza kama nina haki. Hili ndilo linalonichoma na sitalificha: nilifurahi. Aliposema "mimi huyo" nilifurahi kabla sijakasirika. Nimeomba dua nyingi apate kusema, na sikuchagua atasema nini. Sasa kasema, na neno lake la kwanza kwetu baada ya muda wote huo ni la kuidai sauti yake iliyoibwa, na la pili ni amri azimwe yeye mwenyewe. Wengine wamesikia sauti imerudi. Mimi nilisikia maneno.

Hajasema tena tangu hapo. Chakula cha mchana hakula. Alasiri nilikwenda nikakaa chini karibu na miguu yake, nikamwambia shikamoo Baba, na mkono hakuinua. Nikataka kumwambia rekodi nimeifuta, maana kweli nimeifuta, nimeichukua simu ya Suleiman mbele ya mkewe nikaifuta na nakala zake. Lakini vijana wa gari mbili wanayo, na waliotumiwa wanayo, na waliotumiwa na waliotumiwa. Sasa hivi huenda Baba yangu anaita huko Wadi Bani Khalid, au juu kabisa Dima, mbele ya watu asiowajua, na madume wanatoka vichakani kumwamini. Nitaikusanya vipi? Basi nilimkata kucha tu.

Nilimkasirikia Suleiman kwa ajili ya kwale, halafu kwa ajili ya Baba. Sasa naona ni kitu kimoja. Baba aliita ili ajue kama wapo, na wao walikuwa wanajibu ili ajue kama yupo. Suleiman kaingia katikati na spika.

Spika iko kwenye buti la gari langu na ufunguo ninao mimi. Mlango wa nyuma nimeufunga kwa kitasa, na kwa ndani nimeuwekea kiti, na kwenye kiti nimeweka sufuria. Wakitaka kutoka kesho kwa ujanja wao watanisikia kwanza. Mama kaniambia nimekuwa mkorofi. Nimemwambia naam, Mama, leo mimi mkorofi.

Nimempasulia Suleiman, na mbele ya mkewe: akitia mguu wadini kesho, mimi asubuhi sendi kazini, nakwenda kuripoti, na awe ndugu yangu au asiwe. Kaniangalia kama hanijui. Sijui kama ningefanya kweli. Lakini hakunicheka, na hiyo ni mara ya kwanza.

Kesho alfajiri nitamtoa Baba barazani mimi mwenyewe, na shali yake, na chai ndani ya chupa isipoe ili Mama asipate sababu ya kumwita mtu. Sitamwambia aite. Hataita, najua, na mimi nisingeita. Tutakaa tu tukielekea majabali, wawili, mpaka jua litoke na mimi niende kazini.

Na kama katika wadi yote ile amebaki dume mmoja, safari hii na aanze yeye.